Kisiki Hiki ni cha Watu Wawili

Baba Watoto, na wewe mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Naenda kwa dada, ~~nitalala huko~~ nitarudi jioni.

Leo asubuhi uvumilivu umenishinda, nimeingia mwenyewe kwenye shimo la kisiki. Tangu mti ukatwe bila baba kuulizwa mmenuniana. Mmoja anachimba asubuhi, mwingine jioni, kila mtu upande wake kama wapangaji. Mizizi ya pembeni imeisha. Umebaki wa katikati, na haufikiki mpaka mtu akiinue kisiki kwa mtaimbo. Nimejaribu peke yangu, sasa kiuno hakinyooki.

Shoka nimemwekea baba kitandani, mtaimbo uko kwa mwana. Kuku wafungiwe.

Anayekata mzizi, mkono wake utakuwa chini ya kisiki. Anayeinua asiachie mpaka aambiwe. Kwa hiyo itabidi muongee.

Mama wa nyumba hii