Ombi Lililokwama Mezani kwa Mkuu

Kitete, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Dada Tusekile, shikamoo.

Kabla hujaendelea, funga mlango. Barua hii isome peke yako, ukishatimiza ninayokuomba itie motoni. Baba asijue hata neno moja, wala Mama, maana Mama hawezi kumficha Baba kitu. Nimetumia karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani.

Mgongo wako unaendeleaje? Mahindi mmeshavuna? Mimi mwili ni mzima. Mengine ndiyo haya.

Nilikwambia kuna profesa wa ng'ambo aliyetangaza nafasi ya utafiti wa udaktari, ile shahada ya uzamivu, yenye ufadhili. Kazi yenyewe ni kukokotoa kwa kompyuta tabia za vitu vidogo mno, kama utando wenye unene wa atomu moja, ili ijulikane utapitishaje umeme kabla mtu hajahangaika kuutengeneza maabara. Ndicho nilichosomea. Nilimwandikia, akajibu kesho yake kwamba kazi yangu ya chuoni imempendeza, nitume maombi kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa sikia ujinga wangu. Badala ya kuyatuma, niliyapitisha kwa mkuu wa ofisi. Hakuna aliyeniagiza. Ila mimi ni karani wa masjala, nimelelewa na karani wa mahakama, na tangu utoto Baba ametuambia mtumishi haandiki barua ya nje bila kupitia kwa mkubwa wake. Nikaandika juu kabisa, "Kupitia kwa", nikayafungulia jalada kwa mkono wangu mwenyewe, nikampelekea.

Siku ya tatu nililiona mezani kwake. Ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Tuongee." Nikangoja kuitwa. Kila asubuhi nikipeleka barua nalikuta palepale. Ningeweza kuyatuma maombi kwa simu yangu, tena kwa dakika tano. Niliogopa.

Aliponiita, mwezi ulikuwa umeisha juzi yake. Bi Mwajuma wa mapokezi alikuwa ameketi humo.

"Lusajo, hivi vitu vyako visivyoonekana utavihesabuje, na majalada yanayoonekana yamekushinda?"

"Kwa kompyuta, mkuu."

"Ipi? Hiyo ya masjala inayozimika mkiwasha feni?"

Bi Mwajuma akacheka mpaka akashika meza. "Mwache bwana, awe daktari. Ila aanze na goti langu, hili linaonekana."

Nami nikacheka, Dada. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mkuu hata hakukataa. Angekataa ningepata wa kumchukia. Alisema tu tutaliangalia mwakani.

Nafasi amepewa mwingine. Tabora hii watu wamepita tangu enzi za misafara, na treni hadi leo inawashusha na kuwapakia; mimi ndiye niliyefika nikakwama. Na Baba anawaambia watu kanisani mwanawe ana kazi ya kudumu.

Profesa ameandika tena. Ipo nafasi nyingine, inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. "Tuma mwenyewe," amesema, "sihitaji saini ya mkubwa wako." Safari hii natuma, na ofisini simwambii mtu. Wakijua, sijui watanifanya nini.

Kimebaki kitu kimoja. Nakala yangu ya cheti cha shahada imefifia, chuo cha profesa kimeikataa. Cheti halisi ni kile Baba alichokitia fremu, kiko ukutani sebuleni. Jumatano akienda mazoezi ya kwaya, kishushe, kipeleke stesheneri ya pale stendi, wakiskani, wanitumie kwenye barua pepe niliyoiandika nyuma ya karatasi hii. Kirudishe kabla hajarudi.

Nisalimie Mama bila kueleza salamu zimefikaje. Msalimie shemeji, na bibi yetu mzaa baba, umwambie nakula vizuri.

Usipige simu ya ofisini, wala yangu nikiwa kazini, watu wananisikia. Usiandike kwa sanduku la ofisi, barua zote zinafunguliwa masjala na siko zamu kila siku. Mpigie Mama Zuhura, fundi cherehani ninayepanga kwake. Namba yake nimeiweka chini ya barua pepe. Mwambie tu kimetumwa, ataniambia nikirudi jioni. Na Baba akikukuta nacho mkononi, usimdanganye. Sema ni mimi niliyekutuma, kisha hapo ndipo unipigie mimi mwenyewe, hata nikiwa kazini, kabla hajanipigia yeye.

Mdogo wako,
Lusajo