Trela la Pikipiki ya Mteja

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mgongo wako je? Mafundi wote wa karakana hawajambo? Mimi mzima. Kazi ya kusambaza vifurushi inakwenda, na ile pikapu niliyokuandikia habari zake bado haijanitia aibu barabarani.

Nina swali la kifundi, na fundi wa matrela ninayemwamini ni mmoja tu. Nataka trela dogo lililofungwa, lenye kuta, paa na mlango wa komeo, la kubebea pikipiki moja. Ni ya mteja, na safari ni ya siku mbili. Muuzaji wa huku ana saizi tatu: urefu wa mita mbili na nusu, mita tatu, na mita tatu na nusu. Anasema hilo dogo linatosha kabisa, ila anasema huku anachezea simu, kwa hiyo simwamini. Nichukue lipi?

Najua utaniuliza kwa nini nisichukue la wazi, ambalo ni jepesi. Mteja hataki pikipiki ionekane njiani. Watu wana mambo yao, Mjomba.

Mpwa wako mtundu


15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unaamka kabla yangu. Hapa sote tu wazima. Umenifurahisha kweli! Miaka mitatu tangu upande basi uende huko, leo ndiyo umeniuliza swali la maana.

Muuzaji wako anakudanganya mchana kweupe. Pikipiki lazima ifungwe mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye pete za chuma za sakafuni, na anayefunga ni wewe. Utachutama wapi? Kwenye mita mbili na nusu pikipiki itaingia, wewe utabaki nje unaitazama. Kwa pikipiki ya kawaida anza na mita tatu. La mita tatu na nusu waachie wenye pikipiki mbili, maana upepo ukilipiga kwa ubavu, hiyo pikapu yako itatafuta mtaro.

Halafu angalia mlango. Watu hupima ndani, wanafurahi, wanalipa, wakifika nyumbani ndipo wanagundua mlango ni mwembamba kuliko boksi lenyewe la trela. Vishikio visipopita hapo, umenunua banda la kuku.

Ila siwezi kukata shauri bila vipimo. Pima kama nilivyokufundisha ulipokuwa unanishikia futi: upana upimwe kuanzia katikati, kulia peke yake, kushoto peke yake. Usiniletee jumla, jumla inaficha mambo.

Mjomba wako


27 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Huku mvua tu, vifurushi vinalowa, wateja wananung'unika, basi ndiyo maisha.

Nimekucheka pale kwenye banda la kuku. Vipimo hivi hapa, na nimepima kama ulivyosema, usije ukanigombeza. Urefu, kutoka mwisho wa tairi la mbele hadi mwisho wa la nyuma, mita mbili na sentimita kumi na mbili. Kimo mpaka kwenye vioo, mita moja na sentimita kumi na nane. Upana kutoka katikati: kulia sentimita thelathini na tisa, kushoto arobaini na tano. Nilidhani futi imejikunja, nikarudia. Ni vile vile.

Mlango wa lile la mita tatu una upana wa mita moja na robo. Naona litafaa. Nilinunue?

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa,

Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Salamu nimezitafuta, sikuzipata.

Kushoto arobaini na tano! Kulia thelathini na tisa! Mungu wangu, nilisoma nimesimama, ikabidi nikae juu ya mtungi wa gesi. Pikipiki yenye kishikio cha kushoto kilichozidi sentimita sita ni moja tu, na aliyekiunga ni mimi. Nilikiunga mwenyewe ulipokuwa shule ya bweni, baada ya mkono wangu wa kushoto kuvunjika ukakataa kukunja. Hata mafundi wangu hawakujua kipimo.

Uliniandikia kwamba ulipanda basi. Nikaamini. Nikakuandikia kwamba wiki ile ile nimeibiwa pikipiki hiyo, ukanijibu pole. Pole! Kalamu haikukwama?

Sasa na wewe kaa chini. Kuna jambo sikukuandikia, kwa sababu najua ulivyompenda yule mlinzi wetu, Mzee wa Geti. Siku ile nilimkunja shati mbele ya maduka yote nikasema ameiuza pikipiki yangu. Aliapa hajauza. Nikamfukuza. Tangu hapo hakuna aliyempa lindo, maana nani ataajiri mlinzi mwizi? Akipita, wenye maduka wanasimama mlangoni mpaka aishie. Mwaka jana alikuja na mkewe, hakuomba kazi, aliomba tu niwaambie watu kwamba sina uhakika. Nikamfungia geti usoni.

Niandikie haraka. Niambie nimesoma vibaya.

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo, kama bado unaipokea kutoka kwangu.

Hukusoma vibaya. Barua yako imeniangusha. Mzee wa Geti? Mwizi? Mimi miaka yote nilijua nimekukosea wewe tu!

Nilikuomba unipe pikipiki nianze kazi. Ukacheka mbele ya mafundi wote, ukasema hata baiskeli ilinishinda. Nilikasirika, nikasema moyoni nitakuonyesha. Alfajiri ile nilimdanganya Mzee wa Geti kwamba umenikubalia, ila ni siri yetu, mafundi wengine wasije wakaomba na wao. Nikamwapisha asimwambie mtu mpaka nirudi. Alifungua geti mwenyewe. Alinisaidia kuisukuma hadi barabarani kelele zisije zikakukatiza usingizi, hata kofia ngumu alinivalisha yeye. Anajua, Mjomba. Siku zote alijua. Kwa nini hakunitaja?

Mteja hakuna. Trela nimeshanunua, la mita tatu. Nilitaka lenye kuta ili niishushe getini kwako mapema, nigeuze gari, niondoke mtaani bila mtu kuniona. Niliona haya. Sasa hata sijui nianzie wapi. Niambie la kufanya.

Mpwa wako


20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Bado naipokea.

Nimekwenda kwa Mzee wa Geti. Mara ya kwanza alinikatalia mlangoni. Mara ya pili alinitukana tusi ambalo sitaliandika, na lilikuwa halali yangu. Mara ya tatu nikamsomea barua yako. Nikamuuliza, kwa nini hukumtaja? Akasema alikuapia, na siku zile za mwanzo alidhani utarudi kesho. Kisha kesho zikawa nyingi, na akaona hata akisema, mimi si mtu wa kumsikiliza. Kweli nisingemsikiliza.

Sasa sikiliza. Hilo trela lenye kuta mrudishie muuzaji, akubadilishie la wazi. Liwe la mita tatu vile vile, lisilo na paa wala turubai. Mikanda minne, kaza vizuri, na pikipiki ioshwe ijulikane kwa mbali. Njoo Jumamosi, saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejaa madukani. Usisimame kwangu. Mimi utanikuta pale pale nilipomkunja shati, na nitakayosema nitayasema kwa sauti ile ile. Wewe pita mbele ya kila duka, moja moja, mpaka mlangoni kwake. Ukishuka, pikipiki ni yake.

Nimemweleza haya yote. Hakusema amenisamehe mimi, wala hakusema amekusamehe wewe. Ameniambia jambo moja tu nikuandikie: uendeshe polepole.

Mjomba wako