Nyumba Isiyo na Ukuta wa Nyuma

Mwanangu,

Wewe mtoto, una miguu au huna? Miaka miwili hujakanyaga kizingiti changu. Mwezi uliopita ulimleta mjukuu wangu mpaka kituo cha mabasi, ukanikabidhi kama mtu anayekabidhi gunia la mkaa, ukapanda tena gari lile lile, hata maji hukunywa. Nikabaki pale nimeshika mkono wa mtoto huku na boksi huku, natazama moshi wa gari. Kuku akipotea siku mbili hurudi kuangalia banda. Wewe unanipigia simu, unasema mko salama, kazi ni nyingi, kisha unakata. Duka la dawa gani hilo lisilofungwa hata siku moja?

Haya, nimekugombeza, moyo umepoa kidogo. Sasa nikusalimu. U hali gani? Kichwa kimeacha kukuuma? Unakula, au bado unadanganya tumbo kwa chai? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeamua kuishi maisha yake. Mtoto ni mzima kuliko sisi sote. Amenenepa, jino la pili la mbele limeng'oka, sasa akisema anapuliza. Anakusalimu sana.

Anayeandika barua hii ni jirani yangu, fundi wa cherehani, maana unajua mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno kama anavyonyoosha vitambaa vya watu. Amekubali, lakini matusi amekataa. Kwa hiyo ukiona mahali sentensi imekatika ghafla, jua palikuwa na tusi.

Sasa nikupe habari za lile boksi ulilomnunulia mtoto. Mimi nilidhani ndani kuna nyumba. Tumelifungua, tukakuta mbao nyembamba kama biskuti, zimekatwa nusunusu, kila kipande kina namba yake, unakibanjua kwa kidole gumba. Nyumba yenyewe unajenga mwenyewe! Vipande mia moja na kumi na nane. Najua kwa sababu mwanao amevihesabu mara tatu, na wakati wa kuhesabu nikakatazwa kukohoa. Tangu siku hiyo simwiti jina lake, namwita Mkaguzi. Amelipenda. Akipita mbele ya duka la jirani anaingia kukagua pipi.

Karatasi ya maelezo ina lugha kama sita na hakuna hata moja ya kwetu, lakini ina picha. Mkaguzi anasoma namba, mimi nasoma mbao. Nilimwambia nimejenga banda la kuku na jiko la nje kwa mikono hii bila karatasi ya mtu, na yeye akaniuliza kama ni lile jiko lililoegama. Huyo ndiye mke mwenzangu uliyeniletea, mdomo kama sindano.

Ngazi tuliigandisha kichwa chini miguu juu. Kosa ni langu, nilisema tuanze na ngazi kwa sababu ndicho kitu kizuri kuliko vyote, vipandio tisa, kila kimoja upana wa kidole. Ikabidi niishikilie juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ilegee, kisha niibandue kwa kisu cha vitunguu. Vibanio vyote vya nguo vimekwenda kubana kuta zikauke, nguo zangu zikapeperuka mpaka kwa seremala. Amenirudishia gauni moja na kanga mbili, na maneno mengi.

Lakini ngoja nikuambie, mwanangu. Kazi ile ilinitoa roho. Gundi inataka nusu saa kila ukuta, na mimi nusu saa siwezi. Nafagia uwanja ambao nimeshaufagia. Nachambua mchele, naacha katikati, naenda kugusa ukuta kama umeshika, nao unaanguka, na Mkaguzi anaupaka gundi upya. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Fundi aliniuliza kama ninangoja mgeni. Nikamwambia ni gundi tu inanichelewesha.

Jumatano tukamaliza. Paa, madirisha ya kufungua na kufunga, vyumba viwili juu, sebule na jiko chini, vitanda, meza, viti vya ukubwa wa kucha. Ningekuwa na mwili wa panya ningehamia. Ila ilikuwa na kuta tatu. Nikazunguka nyuma, nikakuta pako wazi, kutoka paani mpaka chini, kama nyumba iliyopigwa na upepo. Nikamwambia Mkaguzi tumepunjwa, kuna ukuta umebaki kiwandani. Akanionyesha picha kwenye boksi. Ndivyo ilivyo, inaachwa wazi ili mtoto aingize mkono acheze. Akawaweka wale wanasesere watatu, baba, mama na mtoto, akaanza mchezo wake.

Siku tatu alicheza. Jumamosi, alipokuwa kwa fundi kuomba vipande vya nguo za kuwashonea wanasesere, nikaibeba nyumba kichwani nikaipeleka kwa seremala. Nilimwambia nataka ukuta wa nyuma. Alicheka mpaka akaweka randa chini. Akasema, mama, hii ni ya kuchezea, ukiifunga mtoto atachezaje? Nikamjibu kwamba vumbi linaingia, mjusi ameshalala kwenye kitanda cha juu, na nyumba isiyo na ukuta mimi kwangu haikai, watu waliostaarabika wana sehemu ya kujisitiri. Akaona sibishiki. Akakata ubao uliobaki kwenye kazi ya kabati, tukaupigilia na misumari midogo ya viatu. Wanasesere walikuwa humo humo ndani. Nikairudisha nyumbani, nikaiweka mezani, nikasikia nafuu. Nikakaa kitako saa nzima, mara ya kwanza tangu mtoto afike.

Mkaguzi akarudi na vitambaa vyake mkononi. Hakulia. Aliizunguka nyumba mara moja, akapitisha kidole kwenye misumari. Kisha akainama, akatia jicho kwenye dirisha la juu, akakaa hivyo muda mrefu. Akaniuliza, wala si kwa hasira, kama mtu anayeuliza bei:

"Bibi, sasa wakitaka kutoka, nani atawatoa?"

Akavikunja vile vitambaa vizuri, akaenda kukaa nje kwenye ngazi ya mlangoni.

Mwanangu, hapo juu nimekuambia nilifunga ule ukuta kwa sababu ya vumbi na mjusi. Nimekudanganya. Hata seremala nilimdanganya, na fundi hapa anayeandika naye alikuwa hajui mpaka dakika hii. Mjusi hayupo.

Nilifunga kwa sababu ya nilichokiona. Siku ya kwanza ya mchezo nilikuwa nakunja nguo pale mezani. Mkaguzi alimlaza mama na mtoto chumba cha juu. Baba alimwacha sebuleni. Kisha akachukua kiti kimoja cha mezani, akakipandisha ngazi kwa vidole viwili, akakiegemeza nyuma ya mlango wa chumba, kwa ndani. Nikamtania, nikamuuliza kwa nini bwana mwenye nyumba anazuiwa kitanda chake. Hakuinua hata kichwa. Akasema:

"Baba akirudi na hasira, mama anaweka kiti, halafu mimi na mama tunahesabu mpaka alale."

Nikamuuliza mnafika ngapi. Akasema kwa kawaida mia tano. Siku moja mlifika elfu mbili, na wewe ukakosea namba, akakusahihisha.

Nikaendelea kukunja nguo. Nilikunja kanga ile ile mara nne. Kesho yake kiti kikapanda ngazi tena, na keshokutwa yake. Siwezi kumkataza mtoto mchezo wake, na kutazama nilishindwa. Ndipo nikaenda kutafuta ubao. Mtu mzima na mvi zangu, nikaziba nyumba ya mtoto nisione kilichomo, kama vile kisichoonekana hakiumi.

Na kibaya zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Ndiyo maana sikutulia tangu siku ile ya kituo cha mabasi, si gundi. Ulipokuja miaka miwili iliyopita na mkoba mmoja, ukakaa siku tatu hukusema neno, unachota maji, unaosha vyombo visafi, mimi nilijua. Nilikuzaa, nisijue? Siku ya tatu ukafungua mdomo kuniambia, nami nikauwahi. Nilikuambia kelele ziko hata kwenye kinu na mchi, nyumba ni kuvumilia, na kwamba majirani wameanza kuuliza utaondoka lini. Majirani hawakuuliza. Nilitunga. Nikakubebea mkoba mimi mwenyewe mpaka kituoni, nikakununulia karanga za njiani, nikarudi nikijisifu kwamba nimeokoa ndoa. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Kwangu liliharibika, na aliyeliharibu ni mimi.

Hapa fundi ameweka kalamu chini. Nimemwambia aandike, asinionee aibu. Amesema si hilo. Amesema zile siku tatu ulimpelekea gauni lako la maua, ukamwomba aongeze mikono mpaka viganjani, na joto lilikuwa lile la kukausha kisima. Alipokupima aliona mkono wako wa kulia. Ulimwomba asiseme, na yeye ana desturi ya kutotoa siri za anaowapima, akashona akanyamaza. Sasa analia, na machozi yamedondoka kwenye karatasi, usidhani ni chai. Kwa hiyo tulikuwa wawili, ukuta huu na ukuta huu, kila mmoja amejua na kila mmoja amenyamaza, na wewe uko huko unahesabu.

Ule ubao nimeubandua. Nilichukua kisu nikauchokonoa msumari kwa msumari, na pembe ya chumba cha juu imepasuka kidogo, Mkaguzi ameipaka gundi na kuibana. Amewatoa wanasesere wote, amewapanga kwenye dirisha langu waone nje. Nilimwomba radhi. Ameniambia nimesamehewa ila nisiguse tena kitu bila kumuuliza. Sasa nakuomba wewe. Sikuombi unijibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikuamuru ukalale nikiwa nimejifunika kwangu. Nisamehe, mwanangu. Kama huwezi leo, utaweza ukiwa hapa, nitangoja.

Barua hii naituma kazini kwako, siyo nyumbani, na simu sikupigii, maana najua nani anakaa karibu ukiongea. Ukimaliza kusoma ichane. Watu watasema, na waache waseme, mdomo ni wao na nyumba ni yangu. Chumba chako nimekitoa magunia, nimekipaka chokaa, kitanda kimesogezwa mbali na ukuta unaovuja. Fundi anasema kwenye duka la dawa hapa mjini wanatafuta mtu wa kaunta, ameshawaambia yupo. Na mumeo akikufuata, mlangoni atanikuta mimi na goti langu bovu, na seremala amesema yeye yuko hatua kumi tu na nyundo anazo nyingi.

Mkaguzi anakusalimu tena. Fundi anakusalimu na anaomba umsamehe naye. Salamu kwa wale wasichana wa kazini kwako, hasa yule mnene anayecheka. Mumeo simsalimii.

Sasa nisikilize vizuri. Tarehe uliyosema ya kumchukua mtoto usiingoje. Subiri mumeo aende kazini, panda gari la asubuhi. Chukua vyeti vyako vya kazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na nguo zako zote, hata zile usizozipenda. Sufuria mwachie, sufuria ninazo. Ukishuka kituoni usiniite, kila siku nitakuwa nimesimama pale pale tulipoagana. Na ukifika dirisha la tiketi huko kwenu, kata ya kuja tu.

Ni mimi mama yako.