Omondi Alipokufa Mara ya Pili

Awuor, mpendwa rafiki yangu,

Dani amekufa. Nyanya yako amekufa leo asubuhi hospitalini Kombewa, mama yako akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa imejaa mipira ya dawa. Naanza na hilo ili usihangaike kulitafuta huko chini. Kama unasoma ukiwa umesimama, kaa kwanza. Kama shangazi yako yuko karibu, mwite akae nawe, kisha uendelee.

Hapa nyumbani hawajui kwamba nakuandikia hivi. Baba zako wadogo walikaa kwenye viti vya plastiki nje ya wodi wakakubaliana wao kwa wao, halafu yule mkubwa akaniita. "Wewe ndiye rafiki yake," akasema. "Mwambie Dani amezidiwa, aje nyumbani. Hayo mengine atayakuta hapa." Mama yako aliitikia kwa kichwa bila kuniangalia. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba mimi na wewe hatujasemezana tangu ile Jumamosi. Wanadhani bado sisi ni wale wasichana wawili waliokuwa wakila sahani moja jikoni kwa Dani.

Nimechoka, Awuor. Tangu asubuhi nimekuwa nikitafuta blanketi, nikipiga simu, nikipokea watu na kuwaonyesha pa kukaa. Miguu imechoka, lakini kilichochoka zaidi ni ile sehemu ya mwili wangu iliyokuwa ikikukasirikia. Jioni hii huwezi tena kupata gari la kutoka Port Victoria. Kwa hiyo una muda wa kusoma, nami nina muda wa kuandika, na kuna jambo nataka ulijue kabla hujanikuta uso kwa uso.

Wakumbuka ule ukumbi wa mabati wa Mzee Ogola pale sokoni? Juzi nilipita, bado umesimama, bado unanuka mafuta ya taa na jasho la vijana wa boda. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna. Wewe ulikuwa umechoka kushona sare za shule. Mzee Ogola alitaka mtu wa kutia sauti zile katuni za Kijapani, anime, maana vijana walizipenda lakini maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita mbio kabla hawajayasoma. Akatupa maiki mbili na benchi kando ya projekta. Ijumaa tulikuwa tukiitazama episodi peke yetu, tunajifunza nani anasema nini. Jumamosi mchana tunazima sauti ya Kijapani, tunaanza kusema.

Ilikuwa hadithi ya vijana wawili wanaopigana na mapepo. Mmoja ana mdomo mwingi na mkuki. Mwingine mpole, ana pepo aliyefungwa kifuani mwake tangu utotoni. Siku pepo huyo anapoamka, kijana hukosa pumzi, maungo humuuma, hujikunja chini, na akizinduka hutania. Majina yao yalitushinda kutamka, tukawapa ya hapa. Mwenye mkuki akawa Otieno, na huyo ukawa wewe. Yule mpole jina lake hatukulichagua sisi. Kaka yangu Omondi ndiye aliyelichagua, akiwa bado hai, kabla hatujaanza kazi ya ukumbini, akiitazama katuni hiyo kwenye simu yako kitandani hospitalini, magoti yake yamevimba kwa selimundu. "Huyo ni mimi kabisa," alisema. "Tofauti ni kwamba mimi sina hayo mavazi mazuri." Basi akawa Omondi. Na baada ya kaka yangu kufa, kila Jumamosi mchana mimi nilikuwa nashika maiki nakuwa Omondi.

Hukuwahi kuniuliza kama jambo hilo lilinidhuru au lilinisaidia. Nilikushukuru kwa kutoniuliza.

Dani alikuwa na kiti chake mstari wa mbele, na hakujua kutazama kimya. "Huyo mtoto nywele zimemsimama hivyo, nani amemtisha?"

"Dani, ni mtindo," ukamjibu kwenye maiki.

"Mtindo gani? Huyo hajachanwa."

Ukumbi mzima ukacheka, nawe ukacheka hadi Otieno akapitwa na maneno yake yote. Siku nyingine, pepo alipoamka, Dani alisimama kabisa akageukia watu. "Huyo ana juogi! Apelekwe kwa watu wa maombi. Mbona wanampeleka vitani?" Kuanzia hapo, kila Omondi aliposhikwa, vijana wa nyuma walikuwa wakipiga kelele, "Maombi! Maombi!"

Sasa nirudi kwenye jambo lenyewe.

Kaka yangu alipokufa nilikuwa chuoni, na wewe ndiwe uliyenipigia. Sauti yako ilikuwa nyepesi, karibu ya furaha. "Omondi amezidiwa kidogo. Hebu njoo umwone." Nikafunga safari. Nilimnunulia soksi nene, kwa sababu baridi ilikuwa ikimletea maumivu. Ndani ya gari nilikaa na mama mmoja aliyekuwa na kuku kwenye kikapu, na yule kuku alituchekesha njia nzima. Nilicheka, Awuor. Kaka yangu alikuwa ameshalazwa mochari, nami nilikuwa nacheka kuku. Nilipoona kutoka barabarani hema likichomoza nyuma ya paa letu, bado nilijiambia ni harusi ya jirani.

Baada ya mazishi nilikuambia, tukiwa tumeketi nyuma ya jiko, "Siku nyingine mtu wangu akifa, niambie amekufa. Usinipe tena safari ya matumaini." Ulikuwa unachambua mboga. Ukaziweka chini, ukasema, "Sitakuficha tena. Chochote." Hukuniambia kwamba wazee ndio waliokupa yale maneno. Nami sikuuliza.

Halafu ikaja ile wiki ambayo stima ilipotea Ijumaa yote. Hatukuweza kuitazama episodi kabla. Jumamosi stima ikarudi watu wakiwa wameshajaa ukumbini, na Mzee Ogola hakutaka kusikia habari ya kuahirisha. "Nyinyi ni mabingwa," alisema. "Someni tu yanavyokuja."

Wewe wajua yaliyokuja. Pepo aliamka na safari hii hakurudi kulala. Macho ya Omondi yaligeuka meupe, akaanza kubomoa kijiji chake mwenyewe, na Otieno akasimama mbele yake na mkuki. Wote wawili wanalia. Pale ukumbini watu waligawanyika.

"Mpige, huyo si Omondi tena!"

"Asimpige, ni rafiki yake!"

"Otieno, wacha ujinga, atakumaliza!"

Niliyaona maandishi chini ya picha. Omondi alikuwa anamwomba rafiki yake amuue. Sikuyasoma. Nilisema kwenye maiki, "Ngoja, Otieno. Nasikia sauti yako. Narudi."

Ukanitazama. Ukasoma ya kwako: "Omondi, nisamehe."

"Hakuna cha kusamehe. Nimepona. Weka mkuki chini."

Ulifunika maiki kwa kiganja. "Soma kilichoandikwa."

"Mimi ndiye Omondi."

"Nyaminwa, dada yangu, watu wanaona kwa macho yao."

Mkuki ukapita. Nikasema, "Haikuniumiza. Ni mkwaruzo tu," na kijana mmoja wa boda akapasua ukumbi kwa kicheko. "Ati mkwaruzo! Dada, damu imefika mawinguni!" Wakacheka wote. Walinicheka nikiwa nimemshikilia kaka yangu kwa mikono miwili. Niliendelea kusema. Sikumbuki nilisema nini, najua tu kwamba sikutaka kunyamaza, kwa sababu nikinyamaza atakuwa amekufa.

Ndipo ukainua maiki. Hukutumia sauti nzito ya Otieno. Ulitumia sauti yako, ile ninayoijua tangu darasa la tatu. "Omondi amekufa," ukasema.

Nikaweka maiki juu ya benchi nikatoka. Mzee Ogola alinifuata hadi mlangoni akilalamika, "Jameni, haijaisha! Watu wamekaa!" Wewe ulinikuta kwenye bomba la maji.

"Ulishindwa kuniachia hata kidogo?" nikakuuliza.

"Uliniambia nisikufiche."

"Hiyo ni katuni, Awuor!"

"Kama ni katuni, mbona uko huku nje?"

Nikakuambia yale niliyokuambia, nawe ukanijibu ulivyonijibu. Sitayarudia hapa, yote mawili yalikuwa ya kuumiza tu. Mwezi uliofuata nikasikia umekwenda Port Victoria kumsaidia shangazi yako dukani. Dani ndiye aliyeniambia, na hakukosa la kuongeza. "Mmegombania mtu wa kuchorwa," alisema. "Je, mngegombania mwanamume mzima ingekuwaje?" Nilicheka mbele yake. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Nimebishana nawe kichwani muda mrefu tangu hapo. Nimekuwekea mashtaka, nimekujibia, nimekuhukumu, kisha nimeanza upya. Ni kazi ya kuchosha kubishana na mtu asiyekuwepo, kwa sababu lazima umfanyie na sehemu yake. Bado sijui kama ulifanya sawa. Kuna siku naona ulikuwa mkatili, kwamba mtu anaweza kutimiza ahadi kwa namna inayoumiza kuliko kuivunja. Siku nyingine naona kwamba katika ukumbi wote ule ni wewe peke yako uliyejua nani alikuwa akifa.

Mwezi uliopita niliimalizia ile episodi, peke yangu, na sauti yake ya Kijapani. Hatukuwahi kuufikia mwisho wake, mimi na wewe. Baada ya kumzika Omondi, Otieno anatembea hadi nyumbani kwa mama yake Omondi. Ndani taa inawaka, mama anasikika akiimba huku akipika. Otieno anasimama mlangoni. Anainua mkono abishe, anaushusha. Anauinua tena. Hakuna neno hata moja, maandishi hayapo, sisi tungebaki na maiki zetu bila cha kusema. Picha inafungwa kabla hajabisha.

Nilikuwa nimeitazama hadithi ile yote nikiwa Omondi. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimtazama Otieno.

Na leo mchana, baba yako mdogo aliponikabidhi yale maneno, nilitoka nje nikachukua simu nikaandika: "Awuor, Dani amezidiwa, njoo." Yalitoka kirahisi mno. Yalikuwa tayari yamekaa mikononi kama maneno ya salamu. Nikaelewa kwa nini sauti yako ilikuwa nyepesi siku ile uliponipigia. Ulikuwa umebeba kitu kizito hata hukuthubutu kukiacha kiguse sauti. Ulikuwa msichana wa miaka yangu, umesimama nje ya wodi, wazee wamekuzunguka, na mtu uliyempenda kama kaka yako amelala ndani.

Siwalaumu wazee. Nimemwona mama yako leo. Anaogopa utaanguka njiani ukiwa peke yako, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini nimekufikiria ndani ya gari, umenunua machungwa ya Dani, unacheka na mtu wa kando yako, na vidole vyangu vimekataa. Nilifuta. Nikaandika haya.

Kwa hiyo sikiliza mipango. Usisafiri peke yako, mwambie shangazi yako mje wote. Mama yako akikupigia akuambie Dani amezidiwa, usimwambie kwamba unajua. Mwache aseme anavyoweza, mwitikie, mwambie unakuja. Hiyo ndiyo njia yake ya kukushika mkono kutoka mbali. Chukua leso na viatu vya kufungwa, kumenyesha na njia ya kuingia kwenu ina tope. Maziko hayajapangwa, wanasubiri jamaa zenu wa Muhoroni wafike, basi hakuna atakayefanya lolote kabla yako.

Dani hakuteseka sana. Nakuambia hili si kukutuliza, nilikuwepo. Jana alikunywa uji, akamwuliza muuguzi kama ameolewa, akamwambia nywele zake ni nzuri ila zimekazwa mno. Alikuulizia wewe pia. Nikamwambia uko salama. Hakuniuliza kama tumepatana, na nadhani ni kwa sababu hakuwahi kuamini kwamba tumeachana.

Nitakuwa stejini kuanzia asubuhi. Hutanikuta na maneno, nimeyamaliza yote hapa. Tutashuka pamoja ile njia hadi kwenu, na ukifika langoni utalia kama mtu aliyekuja kulia, wala hakuna hema litakalokushtua. Kama bado una hasira nami, njoo nazo. Kuna kazi nyingi ya jikoni, mtu anaweza kumenya viazi siku nzima kando ya mtu asiyemsemesha.

Usinijibu hapa. Lala ukiweza, na kukipambazuka panda gari.

Ni mimi,
rafiki yako