Maji Niliyotia Kwenye Betri

Jumamosi, 28 Juni
Nimepima betri ya karavani tena kabla ya kupika. Volti kumi na mbili nukta sita. Nzuri. Nimesugua vichwa vyake kwa magadi soda na mswaki wa zamani. Iko pembeni ya kitanda, juu ya ubao, kama mgeni aliyekataa kuondoka. Karavani yenyewe iko Fordsburg, nyuma ya duka la vitambaa, imefunikwa turubai. Wanafunzi wa chuo cha Braamfontein wako likizo, chai na mandazi nimuuzie nani. Fundi Gaspar alisema nisiiache betri kule nje, ikiisha chaji baridi ya huku kusini itaiua. Ikifa sina nyingine. Nitarudi kupiga deki ngazi za magorofa. Magoti haya hayawezi tena.

Jumatatu, 30 Juni
Siku ya kuchaji. Lazima dirisha liwe wazi, betri inatoa hewa mbaya. Nimeshinda na koti na blanketi. Zuhura anakohoa. Mwanangu ana miaka kumi na tano, analala chumba kimoja na mama yake na betri. Baridi imeingia mpaka kwenye meno. Nimechoka.

Jumatano, 2 Julai
Bi Mwanaidi wa ghorofa ya juu karudi Hija salama, alhamdulillahi. Anawamiminia majirani zamzam kutoka kwenye dumu, kila mtu na chupa yake. Mimi sikuwa na chupa ila ile iliyokwisha ya maji ya betri. Nimeisuuza mara tatu kwa maji ya moto. Sasa ina zamzam, iko kabatini, karibu na chupa mpya ya maji ya betri.

Ijumaa, 4 Julai
Nimefungua vizibo vya betri. Matundu mawili maji yamepungua, mabamba ya risasi ya ndani yanaonekana. Nimeongeza kwa kizibo cha chupa, kidogo kidogo. 
Zuhura ana homa. Nimempa zamzam, nikamwambia aelekee kibla, nikamwombea. Amekubali kwa sababu anaumwa tu.

Jumapili, 6 Julai
Homa imeshuka. Leo nilipompa tena zamzam akaniambia kwa Kiingereza chake, Ma, haya maji hayana ladha yoyote. Nikaonja. Kweli. Zamzam ina chumvichumvi kwa mbali, naijua. Nikaonja ile chupa nyingine. Ndiyo hiyo zamzam.
 Siku tatu namnywesha mwanangu maji ya betri. Nikawaza tindikali. Nikamfungua mdomo nimtazame ulimi, akanisukuma. Nikampigia Fundi Gaspar huku nalia. Yeye mtu wa Lubumbashi, hana haraka hata nyumba ikiungua.
“Mama Zuhura, tuliza roho. Ile ni mayi tu, mayi safi. Asidi haiko mule. Mutoto atakojoa, basi.”
Nikamshukuru Mungu. Kisha akauliza, “Sasa mu betri ulitia nini?”
 Nikamwambia, zamzam.  Akacheka mpaka akakohoa. “Eish! Hii betri imefika Maka mbele yako, mama. Tutaiita Alhaji.”
Mimi sikucheka. Akasema maji ya kunywa yana chumvi, na chumvi inakula betri. Nisichaji. Nimpelekee kesho.
Mjinga mimi. Chupa mbili za namna moja na sikuweka hata alama.

Jumatatu, 7 Julai
Nimeisukuma kwenye kigari cha mtoto cha jirani, wima, isimwagike. Kutoka kwetu Berea mpaka kwa fundi Fordsburg, kwa miguu. Pale kwenye robot, taa za barabarani, mama mmoja akainama amwone mtoto. Akaona betri. Tukatazamana.
Fundi amenyonya maji ya yale matundu mawili kwa bomba lake la kioo, ametia mapya. Kasema hajui kama itapona. Kasema nimpe siku kumi. Mabega yananiuma, na siku kumi ni nyingi.

Jumatano, 9 Julai
Sina la kuandika. Nina hasira na nafsi yangu.

Jumamosi, 12 Julai
Zuhura kapona. Mimi sijala vizuri. Nimepita kwenye jengo nililokuwa napiga deki, nimetazama ngazi kwa nje. Sikuingia kuuliza kazi. Bado.
Nimemweleza Bi Mwanaidi. Niliona haya, maji aliyoyabeba kutoka mbali vile. Nilidhani atanuna. Akauliza tu, “Yamebaki? Basi mpe mtoto, mwenzangu, acha kulia.”

Alhamisi, 17 Julai
Fundi kaita. Tundu moja limepona, la pili dhaifu. Betri itawasha taa na pampu ya maji. Friji ya karavani, niisahau. Haitoi nguvu hiyo tena.
Kwa hiyo haikufa. Haikupona pia. Nimerudi nayo kwa kigari kile kile, sikujua nifurahi au nilie. Maziwa nitaweka wapi. Soda je. Nimekaa kitandani na viatu mpaka Zuhura akanivua.

Jumatatu, 21 Julai
Wanafunzi wamerudi. Nilifika na betri alfajiri, giza bado, karavani imeshavutwa mpaka Braamfontein. Waya mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Taa ikawaka, hafifu kidogo.
Nilinunua maziwa machache, yakaisha saa nne asubuhi. Baada ya hapo chai ya rangi, tangawizi nyingi. Kijana mmoja akataka soda baridi. Nikamwambia hakuna, leo wala kesho. Akatazama kikombe cha mwenzake kinavyotoa moshi, akasema haya, nipe hiyo.
Saa kumi na mbili jioni giza limeingia tena. Taa ilikuwa inawaka bado. Mandazi yamebaki matatu. Nimegeuza ndoo, nimekaa, nimekunywa chai yangu ya kwanza tangu asubuhi. Imepoa. Nimeimaliza.