Mugongo wa Mbenga

Alhamisi, mwezi wa pili, 1956. Jua kali tangu asubuhi, muto umeshuka, mawe ya maporomoko yako inje. Nimechoka. Mutoto wetu Vero anaota jino, hatukulala.

Kwa masista nilisoma miaka mine tu, lakini leo lazima niandike.

Mwezi uliopita bwana yangu alizamia kwenye maporomoko kufungua kikapu chetu cha kutegea samaki, kilikuwa kimenasa chini ya jiwe. Kule chini akakutana na mbenga, yule samaki mukali, mukubwa kama mutoto wa miaka sita, meno inje. Alipanda akitetemeka na kucheka. "Aliniangalia tu," aliniambia, "kama mutu amechoka na wageni. Halafu akaenda zake." Siku tatu hakuwa na habari ingine. Nilimupenda sana siku zile.

Jana alileta mbenga nyumbani. Nikasema, bon, kikapu kimetujali. Hakujibu, akaenda kuoga.

Leo mama mukwe alinisaidia kumupasua. Akaingiza kidole tumboni. Damu ilijaa ndani, mugongo umevunjika mara mbili, na ngozi haina hata mukwaruzo.

"Huyu hakuingia kikapu, mwanangu. Huyu ni wa baruti."

Wale wanaopasua mawe ya barabara wanaiuza kwa siri. Ikilia majini, samaki wote wanaelea tumbo juu, hata wale wadogo kama kidole. Jirani yetu mumoja ilimukata mukono. Sasa bibi yake ndiye anamufunga vifungo vya shati.

"Labda alimununua," nikasema.

"Nimemuzaa mimi. Ninajua kunyamaza kwake."

Nilimupika. Na nilikula, sitadanganya. Ninanyonyesha, njaa haingoji.

Kwetu kichwa ni cha yule aliyemushika samaki. Saa kumi mama mukwe alimuwekea mwana wake kile kichwa, meno yakimuelekea, akakaa mbele yake. Bwana yangu hakukigusa.

"Ilikuwa mara moja," alisema.

Nikamuomba anipe mikono yake. Nilihesabu vidole vyake vyote, kimoja kimoja, kama siku Vero alipozaliwa.

Amesema kesho anarudi kwenye kikapu. Nitamufuata na Vero mugongoni, nikae juu ya jiwe, nisikilize. Nikisikia maji peke yake, nitaanza kumuamini tena.

Maji peke yake tu. Siombi kingine.