Jina la Mama Faruku Halimo Kwenye Mkataba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinijibu kwa maneno ya vitabuni, maana mimi niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu hapa Newala ni ya matofali na bati na sijawahi kulala njaa kwa uvivu.

Mwaka jana nikiwa msibani Chiungutwa wezi waliingia stoo kwangu mchana kweupe wakabeba magunia mawili ya korosho, manne yakasalia kwa sababu jirani yangu Mama Faruku alipiga yowe mpaka wakakimbia. Mwanangu Reginald, mwalimu huko Dodoma, akasema mama unakaa peke yako, nakuwekea ulinzi, na msimu huu ulipokaribia wakaja watu wa kampuni wakafunga kamera mbili na king'ora na mashine inayokiliza mtu akikatiza uani, wakanipa mkataba wa miaka miwili, kurasa tisa, nikaona haya kusema yale maandishi siyaoni, nikatia sahihi. Yule bwana akauliza, "Bibi, nani wanaruhusiwa kuingia?" Nikajikweza, nikataja wanangu watatu, ambao hata Krismasi hawaji.

Mama Faruku nikamsahau. Sasa sikiliza. Huku kwetu maji ni ya mvua, yanashuka batini yanaingia kwenye kisima cha saruji uani, na nyumba yake yeye ni ya nyasi, kwa hiyo tangu marehemu mume wangu achimbe kile kisima huja kuchota ndoo mbili kila alfajiri, na udongo wa lile shimo tuliubeba kichwani mimi na yeye, yeye akiwa na mimba ya huyo Faruku.

Kesho yake baada ya kutia sahihi, alfajiri, king'ora kikalia, walinzi wakafika na pikipiki, wakamkuta ameinama kisimani. "Jina?" Akajitaja. Wakafunua karatasi yao. "Jina lako halimo humu, bibi."

"Angalia tena, baba. Mimi ni wa hapa."

Wakaangalia tena. Mimi nimesimama mlangoni, na badala ya kuwafukuza nikasema, "Mwacheni, anaomba maji tu." Anaomba! Akanitazama, akaimwaga ndoo yote kisimani, akasema, "Ahsante, Mama Reginald, yanatosha." Wiki ya tano hii hajakanyaga kwangu, ananunua maji ya madumu kwa bodaboda, na tukikutana sokoni ananisalimia kama mtu anayesalimia afisa.

Kampuni wanasema jina litaongezwa, ila aende ofisini na kitambulisho akapigwe picha. Nikivunja mkataba nilipe miezi yote iliyobaki, na korosho zimeanza kudondoka, niziache wazi? Akasirike yeye, nilipe mimi? Nifanye nini?

Bibi Dominika, Newala

*

Shikamoo, Bibi Dominika. Nimekuamkia, sasa nakusema.

Pole kwa korosho. Lakini mtu hatii sahihi kurasa tisa kwa sababu ya haya. Macho hayaoni, unasema hayaoni, unasomewa. Peleka hizo karatasi kwa msaidizi wa kisheria akusomee neno kwa neno kabla hujalipa hata senti: kuhamisha vifaa ni bei gani, na miaka miwili ikiisha, mkataba unajiongeza wenyewe? Kampuni wajibu kwa maandishi. Usivunje kitu kwa hasira. Omba ile mashine ya uani ihamishiwe mlango wa stoo. Zilizoibwa ni korosho, kisima hakikuibwa. Gharama mlilie Reginald aliyewaleta.

Na usithubutu kumpeleka Mama Faruku akapigwe picha ili achote kwenye shimo alilobeba udongo wake. Unasema ulimsahau. Hukumsahau, Bibi. Umeandika mwenyewe kwamba yowe lake ndilo lililookoa magunia manne. Uliulizwa watu wako ni nani mbele ya mgeni, ukaona aibu kumtaja mtu wa nyumba ya nyasi.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Wiki tano ni nyingi kwa mtu mzima aliyeaibishwa. Nenda kwake mwenyewe, kwa miguu, bila zawadi na bila habari za mkataba. Keti, umwombe maji ya kunywa, hayohayo anayonunua. Kisha rudia ulilolisema mlangoni, kwa maneno yaleyale, na useme ulikosea. Akikupa kikombe, kunywa mpaka tone la mwisho. Akikunyima, usibishane, rudi nyumbani. Utakuwa umejua alichosikia moyoni alfajiri ile.